Kadi moja, simu moja na dola za kiunoni: je, zinatosha kusafiria nje ya nchi?

*"Habari za kazi. Mwezi ujao nasafiri kwa mafunzo ya wiki tatu, nitakaa katika nchi mbili zenye sarafu tofauti. Nina kadi moja tu ya benki, ya akaunti ninayopokelea mshahara. Safari iliyopita nilitoa fedha kwenye ATM ya uwanja wa ndege, mashine ikaniuliza kama nataka nikatwe kwa sarafu ya nyumbani. Nilikubali kwa kuwa angalau ningejua nimekatwa ngapi. Baadaye nilipopiga hesabu nikaona nimepigwa. Kesho yake kadi ikakataliwa hotelini na salio lilikuwepo. Safari hii nimepanga kubeba dola taslimu zote kwenye mkanda wa kiunoni, kadi ibaki ya dharura. Mwenzangu ananishauri nichukue kadi ya mkopo niwe natolea fedha kwenye ATM. Na naogopa kufungua programu ya benki kwa Wi-Fi ya hoteli. Kipi ni salama zaidi?"*

Ndugu msomaji, kabla sijajibu, jiulize hivi: kikipotea kitu kimoja saa mbili usiku, kesho asubuhi utalipa kwa kutumia nini? Upime mpango wako wote kwa swali hilo. Mkanda ukiibwa, fedha karibu zote zimekwenda, na inayobaki ni kadi ileile iliyokwishakukataa mara moja. Simu ikiibwa, kadi yenyewe huenda ikashindwa kulipa mtandaoni kwa sababu namba za uthibitisho zinatumwa kwenye laini iliyoibwa. Kwa hiyo kati ya keshi na kadi siwezi kukuambia moja ni salama na nyingine si salama. Zote mbili zinapotea. Kinachokuokoa ni kuhakikisha hazipotei kwa mkupuo, na kwamba zikipotea kuna njia ya kuzirudisha. Keshi haina njia hiyo. Hata bima nyingi za safari hulipa kiasi kidogo tu kwa fedha taslimu zilizoibwa, na hudai taarifa ya polisi.

Nianze na ile ATM, maana hapo wasafiri wengi hupoteza fedha kuliko wanavyopoteza kwa wezi, tena kwa kubonyeza kitufe wenyewe.

Unapotoa fedha nje ya nchi, mtu fulani lazima abadilishe sarafu ya huko kuwa sarafu ya akaunti yako. Kwa kawaida kazi hiyo hufanywa na mtandao wa kadi, yaani Visa au Mastercard, kwa kiwango kilicho karibu sana na kile cha soko la jumla. Kisha benki yako huongeza ada yake ya muamala wa kigeni, ambayo mara nyingi huwa kati ya asilimia 1 na 3. Mashine ilipokuuliza kama ukatwe kwa sarafu ya nyumbani, ilikuwa inaomba ruhusa ya kufanya ubadilishaji huo yenyewe, kwa kiwango anachojipangia mwenye mashine. Faida yake imefichwa ndani ya kiwango, na asilimia 5 au zaidi juu ya kiwango cha soko si jambo la ajabu. Baya zaidi, benki nyingi bado zitakutoza ada ya muamala wa kigeni kwa kuwa umefanyika nje, ingawa tayari umebadilishiwa. Unalipa mara mbili kwa kazi moja.

Ulikubali kwa sababu ulitaka kujua kiasi halisi. Naelewa, na ni kweli kwamba ukichagua sarafu ya huko, namba ya mwisho inaweza kutofautiana kidogo na uliyokadiria, kwa kuwa mtandao wa kadi huweza kutumia kiwango cha siku muamala unapofikishwa kwao, ambayo inaweza kuwa siku moja au mbili baadaye. Lakini tofauti hiyo kwa kawaida ni ndogo sana. Kuilipia asilimia 5 ili uione mapema ni bei kubwa mno.

Skrini hizi zimepangwa kwa ujanja, kwa hiyo zisome polepole. Mara nyingi utakutana na maswali mawili tofauti. La kwanza ni ada ya mwenye mashine: inatajwa kwa kiasi kamili, na ukiikataa muamala unakufa. Hapo unaamua kama unakubali au unatafuta ATM nyingine. La pili ndilo la ubadilishaji: utaona kiwango kilichoandikwa kwamba "kimehakikishwa", pamoja na vitufe viwili. Kile cha kukubali huwa kikubwa au chenye rangi ya kuvutia. Kile cha kukataa, ambacho kwa Kiingereza huandikwa "Decline conversion" au "Without conversion", kinatisha kana kwamba utakosa fedha. Hutakosa. Bonyeza kukataa, na kwa kawaida fedha zinatoka vilevile. Wachache wanaobonyeza hapo wakaona muamala umefutwa kabisa wachukue kadi yao waende mashine nyingine. Mchezo huohuo uko kwenye mashine za kulipia dukani na hotelini. Mhudumu akikubonyezea bila kukuuliza, tazama risiti: ukiona sarafu ya nyumbani kwako imeandikwa pale, mwombe aufute muamala na kuanza upya kabla hujaondoka kaunta. Ukishatoka, kubishana kunakuwa kazi ndefu.

Sasa kadi iliyokataliwa hotelini. Salio kuwepo hakutoshi, na kuna mambo manne ya kukagua. Kwanza, benki nyingi huiacha kadi ikiwa imefungwa kwa matumizi ya nje mpaka mwenyewe uifungue, na wakati mwingine ATM, mashine za dukani na ununuzi wa mtandaoni hufunguliwa kila kimoja peke yake. Ndiyo maana inaweza kutoa fedha ATM leo na kukataa hotelini kesho. Pili, kuna kikomo cha siku, kinachohesabiwa kwa sarafu ya akaunti yako. Tatu, mfumo wa kuzuia udanganyifu huweza kuifunga kadi ukiona imetumika ghafla katika nchi mpya. La nne ndilo watu hawalijui: hoteli haikati tu bei ya chumba. Unapoingia, huomba benki ishikilie kiasi cha chumba pamoja na nyongeza ya tahadhari. Fedha hizo hazijakatwa, lakini huwezi kuzigusa. Kwa kadi ya akaunti ya kawaida, ni mshahara wako unaoshikiliwa, na baada ya kuondoka hotelini inaweza kuchukua siku kadhaa, mara nyingine hata wiki, kuachiwa. Mhudumu akijaribu kadi mara tatu, unaweza kujikuta na fedha zilizoshikiliwa zaidi ya mara moja. Ikikataa mara ya kwanza, mzuie asirudie. Fungua programu ya benki au piga simu ujue sababu.

Hapo ndipo ushauri wa mwenzako unapokuwa nusu sahihi. Kadi ya mkopo inafaa sana kwa hoteli na kukodi gari, kwa sababu kinachoshikiliwa ni sehemu ya kikomo cha mkopo na akaunti yako haiguswi. Ukitozwa isivyo halali, unabishana juu ya fedha ya benki wakati yako ipo mfukoni. Lakini kutolea fedha ATM kwa kadi ya mkopo ni kukopa taslimu: kuna ada ya kutoa, na riba kwa kawaida huanza kuhesabika siku hiyohiyo. Ule muda wa neema unaopewa kwenye manunuzi haupo. Kwa hiyo ukiweza kupata kadi ya mkopo, itumie kulipia hoteli na tiketi, na mwisho wa mwezi ulipe deni lote. Keshi itoe kwa kadi ya akaunti.

Na isiwe kadi ya akaunti ya mshahara. Fungua akaunti ya pili, ikiwezekana katika benki nyingine, uwe unahamishia huko fedha za wiki moja moja. Kadi ikinakiliwa, mwizi atakuta za wiki, si za mwaka. Nasisitiza benki nyingine kwa sababu kadi mbili za benki moja zinaweza kufungwa pamoja mfumo wake ukizima au ukishtuka. Ukipata moja ya Visa na nyingine ya Mastercard, bora zaidi, kwani ziko ATM na maduka yanayopokea mtandao mmoja tu. Zingatia pia kwamba kuna nchi ambazo kadi yako haitafanya kazi hata kidogo: tangu Machi 2022, kwa mfano, kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi ndani ya Urusi. Uliza kuhusu nchi zako mbili kabla ya kukata tiketi.

Turudi kwenye dola zako. Sikukatazi kubeba keshi. Bila keshi ni hatari vilevile: mtandao huanguka, teksi hukataa kadi. Ninachopinga ni kubeba zote. Chukua zinazotosha siku tatu hadi nne, pamoja na akiba ya dharura ya kulipia chumba usiku mmoja na usafiri wa kwenda uwanja wa ndege. Akiba hiyo ndiyo ikae kiunoni, na mkanda usiufungue hadharani. Kila unapochomoa noti kutoka chini ya shati mbele ya watu, umewaonyesha ghala liliko. Matumizi ya siku yakae kwenye pochi ya kawaida, na kadi ya pili ikae mahali tofauti kabisa na ya kwanza, kwa mfano kwenye sefu ya chumba au ndani ya begi lililofungwa.

Noti nazo zina masharti. Katika nchi nyingi maduka ya kubadilishia fedha hukataa dola zilizochanika, zilizoandikwa, zenye mihuri au za matoleo ya zamani, au huzipokea kwa kiwango cha chini. Noti ndogo za dola 1, 5 na 10 nazo mara nyingi hupewa kiwango kibaya kuliko za 50 na 100. Omba benki ikupe noti safi, na zipange bila kuzikunja. Usidanganyike na bango la "hakuna kamisheni". Faida ya duka iko kati ya bei ya kununua na ya kuuza. Tuseme kiwango cha soko ni 100 kwa dola moja: duka linalonunua kwa 97 linakukata asilimia 3, na lile linalonunua kwa 90 linakukata 10, hata kama yote mawili yanajisifu kwamba hayatozi kamisheni. Uwanja wa ndege badilisha kidogo tu, ya kukufikisha mjini. Mbele ya dirisha, uliza utapokea kiasi gani kamili kabla ya kukabidhi noti, kisha hesabu mwenyewe hapohapo. Wanaobadilisha fedha barabarani waache, hata kiwango kiwe kitamu namna gani. Utapewa bunda lililochanganywa noti bandia au zilizofutwa matumizi, na polisi utawaeleza nini? Sarafu za chuma zitumie kabla ya kuvuka mpaka, kwa kuwa maduka mengi hayazipokei, na ziko fedha za nchi ambazo nje ya mipaka yake hakuna wa kuzibadilisha.

Ukibeba kiasi kikubwa, kuna forodha. Kuingia au kutoka Umoja wa Ulaya na euro 10,000 au zaidi lazima utamke. Marekani ni zaidi ya dola 10,000, na familia inayosafiri pamoja huhesabiwa pamoja. Kutamka si kulipa kodi, na kubeba fedha hizo si kosa. Kosa ni kuficha, na adhabu yake inaweza kuwa kunyang'anywa. Nchi nyingine zina viwango vya chini kuliko hivyo, kwa hiyo angalia tovuti ya forodha ya kila nchi utakayopita, hata kama ni ya kuunganisha ndege tu.

Kuhusu usalama wa ATM, elewa wizi unavyofanyika, utajua pa kuangalia. Ule mstari mweusi wa sumaku nyuma ya kadi una taarifa zisizobadilika, kwa hiyo anayeusoma mara moja anaweza kutengeneza kadi nyingine. Chipu ni tofauti: kila muamala hutoa alama mpya isiyoweza kutumika tena. Wezi hubandika kifaa chembamba mdomoni mwa mashine ili kisome mstari, halafu kamera ndogo juu ya vitufe, au vitufe bandia vilivyowekwa juu ya vile halisi, hunasa namba ya siri. Bila namba hiyo nakala yao haiwafai kitu kwenye ATM. Ndiyo sababu kuufunika mkono wa kubonyeza kwa mkono wa pili ni kinga kubwa kuliko watu wanavyodhani. Shika mdomo wa kuingizia kadi uutikise. Kikicheza au kikiwa na rangi tofauti na mashine, ondoka. Kama mashine ina alama ya kugusisha, gusisha. Kadi haiingii ndani kabisa, kwa hiyo hakuna cha kusomwa wala kunaswa.

Tumia ATM iliyo ndani ya tawi la benki, saa za kazi. Sababu kuu ni kwamba kadi ikimezwa kuna mtu wa kumwona. Akitokea msamaria barabarani akakwambia uingize namba ya siri tena ili kadi itoke, huyo ndiye aliyeinasa. Ikimezwa na hakuna mhudumu, ifunge kwenye programu ya benki ukiwa bado umesimama pale. Na ada isiyobadilika hupungua uzito ukitoa kiasi kikubwa kwa mara chache: dola 5 kwenye dola 50 ni asilimia 10, kwenye 250 ni asilimia 2. Bila shaka kutoa nyingi kunakurudisha kwenye hatari ya kubeba nyingi, kwa hiyo mara moja kwa siku nne au tano ni wastani mzuri.

Ikitokea mashine imekata akaunti na noti hazikutoka, usiikimbie. Subiri dakika kadhaa, kwani baadhi huchelewa. Piga picha ya skrini, namba ya mashine na saa, chukua risiti. Malalamiko peleka kwa benki yako, si kwa mwenye mashine; benki yako ndiyo inayodai kupitia mtandao wa kadi. Mara nyingi fedha hurudi zenyewe mashine inapofanyiwa hesabu, lakini inaweza kuchukua wiki.

Hofu yako ya Wi-Fi ya hoteli ni kubwa kuliko hatari yenyewe. Programu halali ya benki husimba mawasiliano yake, yaani huyageuza yasisomeke na mwingine, na mtu aliye kwenye Wi-Fi hiyohiyo hawezi kusoma salio lako wala namba ya siri. Ukiwa na wasiwasi tumia data ya simu, ni sawa. Kilicho hatari ni kuingia benki kupitia kiungo ulichotumiwa, kompyuta ya hoteli inayotumiwa na kila mtu, na misimbo ya kuskani (QR) iliyobandikwa juu ya ile halisi. Vifuko vya kuzuia kadi isisomwe kwa mbali navyo sioni haja ya kuvinunua. Wizi wa namna hiyo ni adimu mno ukilinganisha na kuibiwa simu.

Simu ndipo nyuzi zote zinapokutana, na kwenye swali lako hukuitaja kabisa. Kama namba za uthibitisho huja kwa ujumbe mfupi, na ukifika unachomoa laini yako kuweka ya huko, umejifungia mlango mwenyewe. Washa huduma ya kutumia laini nje ya nchi kabla ya kuondoka, ijaribu, na laini ya huko iweke kwenye nafasi ya pili au tumia laini ya kielektroniki (eSIM). Kama benki inaruhusu uthibitisho ndani ya programu, hamia huko ukiwa bado nyumbani, kwa sababu kusajili simu mpya ukiwa nje mara nyingi hudai ujumbe uleule usioupata. Weka namba ya siri kwenye laini yenyewe, siyo kwenye skrini tu: mwizi akiihamishia laini kwenye simu nyingine, atapokea namba zako zote. Na zima ujumbe kuonekana kwenye skrini iliyofungwa.

Kabla ya safari nenda tawini ana kwa ana, si kwa simu. Uliza kadi imefunguliwa kwa njia zipi, kikomo cha siku ni kiasi gani, inaisha muda lini, ada za kutoa fedha nje ni zipi. Omba namba ya simu ya kawaida inayoanza na msimbo wa nchi, maana zile za bure kwa kawaida hazipatikani kutoka nje. Iandike kwenye karatasi, pamoja na tarakimu nne za mwisho za kila kadi, na karatasi hiyo isikae ndani ya pochi.

Ukiibiwa, funga kadi kwanza, kisha laini, halafu nenda polisi. Taarifa ya maandishi utaihitaji kwa benki na bima. Kama pasipoti imesalia, ndugu anaweza kukutumia fedha kwa Western Union au MoneyGram, ukazichukua siku hiyohiyo kwa pasipoti na namba ya muamala, mradi jina lililoandikwa na mtumaji lifanane na la kwenye pasipoti. Namba ya muamala usimpe mtu mwingine yeyote. Kama pasipoti nayo imekwenda, hilo ni la kwenda ubalozini mwenyewe asubuhi na mapema, ukiwa na nakala uliyoihifadhi. Muamala usioutambua uripoti siku unapouona. Malalamiko ya miamala ya kadi yana ukomo wa muda, na benki ikikukatalia kwa simu, ukirudi peleka barua tawini pamoja na risiti zako na uondoke na nakala iliyogongwa muhuri.